Mwingereza Aliyeitia Bahari Ndani ya Kioo, na Somo Lake kwa Vijana wa Shella

Bamvua lililopita mpwa wangu aliniingilia uani, hapa Shella, na gunia begani, maji yakimchuruzika mgongoni. Alikuwa ametoka mwambani. Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa mbali, na yeye alikuwa amejaza mawe hai, yale ambayo ukiyapindua unakuta mwani, sifongo, minyoo, kaa wadogo na konokono. Juu ya mawe aliweka vipande viwili vya matumbawe yaliyo hai, rangi ya kahawia. Alikuwa amenunua tangi la kioo la lita 200 kwa mkono wa pili, na nia yake ilikuwa kuwa na mwamba wake mwenyewe sebuleni.

Siku ya tatu majirani walianza kuniuliza kama nimeanza kuanika ng'onda. Mawe yale yalikuwa yameoza. Maji yaligeuka kama maziwa, kaa walipanda juu wakitafuta hewa, na matumbawe yalitoa ute kisha yakabaki mifupa. Ilibidi tulimwage tangi lote usiku.

Nilipomkemea, mpwa wangu alinijibu kwa adabu lakini kwa ujasiri: mjomba, ni gunia moja tu, na bahari ni pana. Jibu hilo nalifahamu. Nami katika ujana wangu niliokota simbi na kome mwambani nikawauzia watalii ufukweni, na kila mara nilijiambia kwamba kikapu changu ni kidogo. Lakini yeye alikuwa na jambo ambalo mimi sikuwa nalo. Kabla ya mawe kuoza alikuwa amekwisha kujipiga video kwa simu, akionyesha namna ya kuyabandua mawe kwa mtaimbo, na watu wengi walikuwa wameitazama na kumwomba awafundishe.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mwingereza mmoja aliyekufa zamani, jina lake Philip Henry Gosse. Mpwa wangu hakuwahi kumsikia, na pengine wewe pia, ndugu msomaji. Kwao alikuwa mtu mashuhuri sana, na kila mwenye tangi la maji ya chumvi leo anamfuata yeye bila kujua.

Gosse alizaliwa mwaka 1810 katika mji wa Worcester. Babake alikuwa mchoraji wa picha ndogo za watu, fundi wa kutembea mji kwa mji akitafuta wateja, na riziki ilikuwa ya kubahatisha. Familia ikahamia Poole, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, na huko mtoto akaijua bahari. Shangazi yake mmoja aliyependa viumbe ndiye aliyemwonyesha anemoni, wale wanyama laini wanaoshika mwamba na kufunguka kama maua, akamshauri awatie katika chombo cha maji ya bahari awatazame. Ushauri huo mdogo ulimkaa moyoni miaka mingi.

Elimu yake ya shule ilikuwa fupi. Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 17, alipelekwa ng'ambo ya bahari, kisiwani Newfoundland, kuwa karani katika nyumba ya biashara ya samaki. Alikaa huko miaka minane akiandika hesabu mchana na kukusanya wadudu saa za mapumziko. Kisha akajaribu ukulima Kanada kwa miaka mitatu, akashindwa. Mwaka 1838 akaenda Alabama, Marekani, kuwafundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba. Huko aliuona utumwa kwa macho yake, akauchukia, na mwaka haukuisha akaondoka kurudi kwao.

Alirudi Uingereza maskini, karibu na umri wa miaka 30, hana kazi. Alichokuwa nacho ni daftari zilizojaa michoro na maelezo ya viumbe, na mkono wa kuchora alioupata kwa babake. Akaanza kuandika vitabu. Mwaka 1844 alitumwa Jamaika kukusanya ndege na wanyama wengine, akakaa huko mwaka mmoja na nusu. Msaidizi wake alikuwa kijana mweusi wa huko, Samuel Campbell, aliyekuwa na jicho kali kuliko lake. Rafiki yake mwingine alikuwa Richard Hill, hakimu, mtu wa damu mchanganyiko aliyepigania uhuru wa watumwa. Gosse aliporudi na kuchapisha vitabu vyake kuhusu Jamaika, alimtaja Campbell kwa sifa, na jina la Hill akaliweka kwenye ukurasa wa kwanza. Sisi watu wa pwani tunaojua ni wavuvi wangapi waliowaonyesha wataalamu kila kitu kisha majina yao yakasahauliwa, tunaweza kulipima jambo hilo.

Mwaka 1848 alimuoa Emily Bowes, mwandishi mwenzake. Wote wawili walikuwa Wakristo wakali wa dini yao, wasiopenda anasa. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Edmund.

Wakati huo London ilikuwa na watu waliokuwa wakihangaika na swali moja: vipi maji ya bahari yakae ndani ya chombo bila kuoza? Mama mmoja, Anna Thynne, alichukua matumbawe madogo ya huko kwao kutoka pwani ya Torquay mwaka 1846, akayapeleka London ndani ya mtungi. Maji yalipokwisha na bahari iko mbali, alimwamuru mtumishi wake ayamimine maji yaleyale kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha, muda mrefu kila siku, ili yapate hewa. Mwaka uliofuata akaagiza mwani ulioshikamana na vijiwe, akautia pamoja na matumbawe, na maji yakatulia. Naye mkemia Robert Warington alionyesha kwa majaribio kwamba mimea na wanyama wakiwa kwa kadiri, maji hubaki safi, kwa kuwa mmoja hutoa anachokihitaji mwenzake.

Gosse aliingia katika kazi hii kwa sababu ya maradhi. Mwaka 1852 afya yake ilikuwa imechoka kwa kuandika usiku na mchana, akaenda pwani ya Devon kupumzika. Mtu wa namna ile hapumziki. Kila maji yalipokupwa alikuwa mwambani na ndoo, akiingia katika vidimbwi mpaka kiunoni. Aliona kwamba mwani hauna mizizi ya kufyonza udongo kama mti. Umeshika jiwe tu, na ukiung'oa unakufa. Kwa hiyo alibeba nyundo na patasi, akabandua kipande cha jiwe pamoja na mwani wake na wanyama wake wote, akakipeleka hai ndani ya chombo. Ndugu msomaji, hayo ndiyo mawe hai ya mpwa wangu. Mtaimbo tu ndio umebadilika.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ya kwanza duniani ambapo watu wa kawaida waliweza kulipa na kutazama viumbe wa bahari nyuma ya kioo. Wengi wa viumbe wale walitoka katika mikono ya Gosse. Mwaka 1854 akatoa kitabu cha jambo hili, chenye picha za rangi alizochora mwenyewe, na jina la Kilatini alilolipa tangi hilo ndilo dunia inalotumia mpaka leo. Mwaka huohuo alitangaza namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi mbalimbali na maji baridi, ili hata mtu wa bara aweze. Mwaka 1855 akatoa kitabu kidogo cha maelekezo, cha bei nafuu. Aliwachukua watu ufukweni akawafundisha kwa mkono.

Kilichofuata hakukitegemea. Kodi ya kioo ilikuwa imeondolewa mwaka 1845, kwa hiyo vioo vilikuwa rahisi. Njia za reli zilikuwa zimefika pwani. Na sasa kitabu kilikuwa kimewaambia watu waende na nini, wapige wapi, wabebe vipi. Wakaja kwa maelfu, mabwana na mabibi na watoto, kila mmoja na nyundo yake na mtungi wake. Hakuna aliyekuwa mwovu. Kila mmoja alitaka anemoni mbili na kijiwe kimoja chenye mwani. Nyumbani viumbe vingi vilikufa kwa wiki moja au mbili, vikaoza kama mawe ya mpwa wangu, na mwenyewe akarudi kuchukua vingine.

Wakati huo Gosse alikuwa na msiba wake. Emily alipatwa na saratani ya titi, akafariki Februari 1857. Mjane huyo akahamia moja kwa moja Devon na mtoto wake. Mwaka huohuo akatoa kitabu cha kujaribu kupatanisha umri wa mawe na imani yake, akisema kwamba ulimwengu uliumbwa ukiwa tayari na alama za uzee. Wanasayansi walikikataa, na watu wa dini walikikataa. Kilimvunja moyo. Lakini alirudi mwambani, na kati ya 1858 na 1860 akatoa kazi yake kubwa ya anemoni na matumbawe ya Uingereza, kila mmoja amechorwa kwa rangi zake. Mwaka 1859 ripoti ya Bi Anna Thynne kuhusu matumbawe yake ilipochapishwa, ni Gosse aliyeiongezea maelezo. Mwaka 1860 alioa tena, akaishi miaka mingi ya utulivu, akifuga maua na kutazama nyota, mpaka alipofariki Agosti 1888.

Miaka 19 baada ya kifo chake mwanawe Edmund, ambaye alikuwa mwandishi mkubwa, alitoa kitabu kuhusu maisha yao wawili. Humo anasimulia vile vidimbwi vya Devon alivyoviona utotoni akishikwa mkono na babake, vimejaa rangi kama bustani, na jinsi vilivyokuja kuwa vitupu. Anaeleza kwamba babake alijua. Mtu aliyeiheshimu pwani kuliko wote aliona kwamba vitabu vyake ndivyo vilivyowaleta waharibifu, na jambo hilo lilimuumiza.

Hapa ndipo nilipotaka mpwa wangu afike. Nyundo ya Gosse haikuumaliza mwamba wa Devon. Mtu mmoja na patasi yake, hata akienda kila siku, bahari humvumilia. Kilichoumaliza ni mfano wake. Nyundo moja iliingia kitabuni ikatoka elfu. Na mpwa wangu ana simu. Gunia lake moja, bahari ingeweza kulisamehe, lakini video yake ni kitabu cha Gosse.

Tena Devon haikuwa na mizigo tuliyonayo sisi. Mwamba wetu wa Malindi umehifadhiwa tangu 1968, miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari Afrika. Hata hivyo mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yaligeuka meupe na sehemu kubwa ikafa, ndani ya hifadhi na nje. Yaliyorudi yamerudi polepole. Upande wa kaskazini Mto Sabaki unaleta udongo wa bara, na msimu wa kaskazi mkondo huusukuma mpaka mbele ya mji. Mwamba wenye shida hizo hauhitaji vijana wa mitaimbo. Na sheria ya hifadhi iko wazi: hakiokotwi kitu humo, kiwe hai au kimekufa.

Basi mpwa wangu akaniuliza, kwa haki kabisa, kama mawe ya mwambani hayafai, tangi lake lijazwe nini? Nilimtoa nje nikamwonyesha ukuta.

Nyumba yetu ya zamani, kama nyingi za mtaa huu, ilijengwa kwa mawe ya tumbawe na chokaa. Upande mmoja ulianguka mvua za masika, na mawe yako palepale. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa kale uliokuwa chini ya bahari yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ndio mwamba uleule unaochimbwa mpaka sasa kwa matofali ya kujengea. Msikiti na makaburi ya mnara pale mbele ya bahari ni tumbawe, na nguzo ya Vasco da Gama ni tumbawe. Ni jiwe jepesi lenye matundu ndani ya matundu, na matundu hayo ndiyo siri.

Gosse alidhani mwani peke yake ndio unaosafisha maji. Kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaokaa ndani ya vitundu vya jiwe. Uchafu wa samaki na chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili huigeuza kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao walikuja kutengwa na kutambuliwa mwaka 1890, miaka miwili baada ya Gosse kuzikwa. Tangi la mpwa wangu lilikufa kwa sababu nusu ya viumbe vya mawe yake walikufa njiani, amonia ikapanda, na hakukuwa na bakteria wa kutosha wala pampu ya kusukuma maji.

Jiwe kavu halina uhai wowote, na hiyo ndiyo faida yake. Tulichagua kilo 20 hivi zinazotosha tangi lile. Kwanza tulibambua chokaa na lipu yote kwa nyundo, maana chokaa ikibaki huyatia maji alkali nyingi na kuunguza samaki. Tukasugua kwa brashi ngumu mpaka udongo na kuvu vikatoka. Tukaloweka siku kadhaa katika jiki, sehemu moja kwa maji kumi, ili kilichojificha ndani kife na kuyeyuka. Wako wanaotumia siki au tindikali kutoa tabaka la juu. Sisi hatukutumia, na anayetaka asithubutu kuichanganya na jiki, maana hutoa hewa inayoua. Baada ya jiki tulisuuza kwa maji baridi mara nyingi, tukabadilisha kila siku, kisha tukayaanika juani wiki nzima, tukiyapindua kama papa wa kukausha, mpaka harufu ya jiki ikapotea kabisa.

Halafu ndiyo kazi ya subira. Tulichota maji ya bahari mbali na mto, maji yakiwa yamejaa na ni safi, tukayachuja kwa kitambaa. Mawe tukayatia katika pipa lenye kifuniko, gizani ili majani yasiote, na pampu ndogo ya kuzungusha maji. Tukatia chembe za chakula cha samaki, ili kikioza kitoe amonia kidogo ya kuwalisha bakteria wanaokuja wenyewe. Kila siku chache mpwa wangu alipima maji. Wiki za kwanza amonia ilipanda, kisha ikashuka na nitriti ikapanda, kisha nayo ikashuka. Karibu wiki ya saba zote mbili zilikuwa sifuri. Tukamwaga maji yale, tukatia mapya.

Wiki saba ni nyingi kwa kijana. Mara mbili alitaka kuacha, na mara moja nilimkuta ameshika mtaimbo akiangalia saa ya maji kupwa. Sikumwambia kitu. Aliurudisha mwenyewe.

Sasa tangi lake lina mawe ya ukuta wa bibi yake, meupe bado, na samaki wawili alionunua kwa mvuvi mwenye leseni. Si zuri kama alivyotaka. Mawe yatachukua mwaka, au zaidi, kupata rangi. Jirani mmoja alipoliona alicheka akasema tumewajengea samaki nyumba ya Kiswahili.

Ile video ya kwanza ameifuta. Nilimwomba atengeneze nyingine, aonyeshe ukuta, nyundo ya kubambua chokaa, pipa na zile wiki saba za kungoja, na aseme wazi mawe yametoka wapi. Ameitengeneza. Watazamaji ni wachache kuliko wa mara ya kwanza, na hilo limemuuma kidogo. Nimemwambia kwamba Gosse alipata wasomaji wengi mno, na akaishi kuijua hasara yake.

Kuta zilizoanguka Shella ni nyingi. Kama kijana wako naye anataka tangi, mpeleke kwenye kifusi kabla hajaenda mwambani.